Namna ya Kulifikisha Darasa Zima Kwenye Lengo Moja Bila Kushusha Kiwango

Swali la kama kila mwanafunzi anaweza kufaulu malengo yale yale ya masomo halijibiki mpaka kwanza useme ni kitu gani kitabaki palepale na ni kitu gani kitaruhusiwa kutofautiana. Ukitaka watoto 45 walioanzia mahali tofauti wafike pamoja, siku moja, kwa njia moja, jibu ni hapana, na litabaki hapana hata kwa mwalimu hodari kuliko wote. Ukilishikilia lengo, ukaacha muda, njia na kiasi cha msaada vitofautiane, jibu ni ndiyo kwa karibu wote, angalau katika malengo ya msingi ambayo masomo mengine yote yanayategemea.

Mwaka 1963 mwanasaikolojia John Carroll wa Marekani aliigeuza hoja ya kipaji. Badala ya kuuliza mtoto ana akili kiasi gani, aliuliza anahitaji muda gani kulijua jambo, na anapewa muda gani. Mwaka 1968 Benjamin Bloom akajenga juu ya wazo hilo utaratibu wa kufundisha hadi umahiri: fundisha, pima, rekebisha, pima tena, ndipo usonge. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo, na mfano wake mkuu ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama 1/2 na 1/3 (asili ni namba ya chini ya sehemu, kiasi ni namba ya juu), kwa kuwa ni mada inayowaangusha wengi na makosa yake yanaonekana waziwazi.

Tahadhari moja kabla ya kuanza. Kutamka lengo hakumfikishi mtu. Marekani, sheria iliyotiwa saini Januari 2002 ilitaka wanafunzi wote wafikie kiwango cha jimbo lao katika kusoma na hisabati ifikapo mwaka wa masomo 2013–14. Mwaka huo ulifika lengo halijatimia, na baadhi ya majimbo yalikuwa yamelegeza viwango vyao njiani. Desemba 2015 sheria nyingine ikachukua nafasi yake. Kuwatarajia wote hakukuwa kosa. Palipopungua ni kwamba tarehe na adhabu zilipangwa, lakini muda wa ziada na njia ya kumrudisha nyuma aliyekosa msingi havikupangwa kwa uzito uleule.

Kwanza, hakikisha lengo lenyewe linafikika na wote

Yapo malengo ambayo kwa hesabu tu hayawezi kufikiwa na kila mtu. "Awe katika kumi bora" ni mojawapo. Hata watoto wote wakijua kila kitu, 35 kati ya 45 watakosa. Mtihani unaowapanga wanafunzi kwa nafasi daima utakuwa na nusu ya chini, hata kama nusu hiyo inajua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri kabisa. Kwa hiyo usitumie nafasi kupima kama darasa limefika. Tumia kigezo: mwanafunzi anaweza kufanya jambo fulani, au bado.

Lengo lenye kigezo lina kitendo kinachoonekana, mazingira ya kukifanya, na kiwango cha kutosha. "Mwanafunzi aelewe sehemu" halina hata kimoja, kwa sababu walimu wawili watalipima kwa namna mbili na wote watadai wako sawa. Liandike hivi: "Mwanafunzi ajumlishe sehemu mbili zenye asili tofauti zisizozidi 12, bila kikokotoo, apate maswali 4 kati ya 5, na aeleze kwa sentensi moja kwa nini asili lazima zilinganishwe kwanza." Sentensi ya maelezo isiachwe. Bila hiyo, mtoto aliyekariri hatua bila kujua zinafanya nini atapita, na atakwama mada mbili mbele.

Kwa nini 4 kati ya 5? Bloom na waliomfuata walitumia kiwango cha karibu asilimia 80 hadi 90. Ukishuka sana, mwanafunzi anabeba pengo hadi mada inayofuata. Ukidai asilimia 100, unamrudisha mtoto kwa sababu ya kuteleza kwa kalamu. Na kama maswali ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne, anayebahatisha tu ana nafasi 1 kati ya 64 ya kupata manne au zaidi kati ya matano, ilhali kwa swali moja ana nafasi 1 kati ya 4. Ndiyo maana swali moja kwa kila stadi halitoshi kuamua lolote juu ya mtoto.

Shuka ngazi mpaka ufike chini

Chukua lengo uliloandika, ujiulize: ili mtu afanye hili, lazima awe anajua nini tayari? Jibu utakalopata liulize swali lilelile. Endelea kushuka mpaka ufike kwenye jambo ambalo una uhakika kila mtoto darasani analiweza. Kwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, ngazi zinatoka hivi kutoka chini kwenda juu:

1. Kujua sehemu ni nini: kwamba robo ni kipande kimoja kati ya vinne vilivyo sawa, na kwamba 1/8 ni ndogo kuliko 1/4.
2. Jedwali la kuzidisha hadi 12.
3. Vigawe vya namba na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili.
4. Sehemu zinazolingana: 1/2 = 3/6.
5. Kujumlisha sehemu zenye asili moja.
6. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti na kurahisisha jibu.

Anayekwama ngazi ya 6 mara nyingi hana tatizo la ngazi ya 6. Ana ufa ngazi ya 2 au ya 1, na ukuta umeendelea kupandishwa juu ya ufa huo kwa miaka. Kumrudia maelezo ya ngazi ya 6 mara tano hakutamsaidia, na yeye atatoka hapo akiamini kwamba hesabu si zake.

Jaribio la kuingilia

Wiki moja kabla ya kuanza mada, toa jaribio fupi lisilo na alama. Kwa ngazi tano za chini, weka maswali mawili kwa kila ngazi, jumla 10, kwa dakika 20. Waeleze wanafunzi wazi kwamba haliingii kwenye rekodi ya mitihani na kwamba asiyejua aache wazi badala ya kunakili, kwa kuwa jibu la jirani litakufanya umfundishe kitu asichohitaji. Mpe kila mmoja nafasi ya kuonyesha njia, si jibu tu.

Wiki hiyo moja ina sababu. Ukilitoa siku ya kuanza, utayaona matatizo lakini hutakuwa na siku ya kuyashughulikia, na jaribio litaishia kuwa karatasi kwenye kabati.

Kusahihisha, chukua swali la 1 upite karatasi zote, kisha swali la 2, badala ya kumaliza mwanafunzi mmoja mmoja. Ni haraka zaidi, na macho yanaanza kuona kosa lilelile likijirudia. Andika matokeo kwenye jedwali: majina ya wanafunzi kwenye mistari ya kulala, ngazi kwenye safu za wima. Weka alama tatu tu: anaweza, anasitasita (1 kati ya 2), bado.

Soma jedwali kwa safu kwanza. Safu ambayo theluthi moja ya darasa au zaidi wana "bado", yaani 15 na kuendelea kati ya 45, ifundishe darasa zima kipindi kimoja au viwili kabla ya mada. Safu yenye wachache, waundie kikundi cha watoto 4 hadi 6. Ukishamaliza safu ndipo usome mistari, umtafute mtoto ambaye "bado" zake zimetapakaa kila mahali. Huyo anahitaji kuketi na wewe ana kwa ana dakika 10 kabla hujaamua lolote.

Kosa halifanani na kosa

Hapa ndipo walimu wengi wanapopoteza muda, kwa sababu alama ya X ni moja lakini chanzo chake kinaweza kuwa kimojawapo kati ya vingi, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Mtoto aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 hakukosa umakini. Ana kanuni kichwani mwake, na anaifuata kwa uaminifu: juu kwa juu, chini kwa chini. Anaiona sehemu kuwa namba mbili zilizopangwa, haioni kuwa thamani moja. Ukimwambia tu "si hivyo, tafuta KDS", atafuata leo na kesho atarudi kwenye kanuni yake, kwa kuwa hujaigusa. Mpe ajumlishe 1/2 + 1/2 kwa njia yake. Atapata 2/4. Muulize 2/4 ni sawa na nini. Atakapoona kwamba nusu kuongeza nusu imebaki nusu, kanuni yake imejivunja yenyewe mbele ya macho yake, na sasa yuko tayari kusikia nyingine.

Aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/6 yuko mbele zaidi. Anajua asili zilinganishwe, ila amebadilisha asili bila kubadilisha kiasi. Huyo mrudishe ngazi ya 4, kwa karatasi ya kukunja: ikunje nusu, paka rangi nusu moja, kisha kunja tena vipande sita, ahesabu vilivyopakwa rangi. Ni vitatu. Hilo linamalizika katika dakika 15.

Aliyejumlisha 3/4 + 1/12 akapata 7/12 mahali pa 5/6, lakini hatua zake zote ni sahihi isipokuwa 3 × 3 aliyoiandika 6, ameteleza au jedwali la kuzidisha halijakaa. Mpe maswali matano ya jedwali kwa mdomo. Akijibu yote mara moja, alikuwa ameteleza. Mfundishe kukagua kazi yake na basi. Akianza kuhesabu vidole, tatizo ni ngazi ya 2, na dawa yake ni dakika 10 kila siku, mazidisho matano mapya kwa wakati, si ukurasa mzima.

Wapo pia wanaokosa kwa sababu hawakuisoma lugha ya swali. Kipimo ni rahisi: msomee swali kwa sauti, polepole, bila kueleza. Akilipata, hisabati anayo. Kusoma ndiko kunakomzuia, na ukimweka kwenye kikundi cha sehemu utakuwa umemkosea. Na kabla ya kumwita yeyote mzito, angalia kama anaona ubaoni, kama anasikia kutoka alipokaa, na amekosekana siku ngapi. Anayekosa siku moja kila wiki ya siku tano amekosa kipindi kimoja kati ya kila vitano, na hakuna njia ya kufundisha itakayofidia asichokisikia.

Kufundisha kwenyewe

Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshika mambo wakati mtu anafikiri, ni ndogo kwa kila binadamu. Mtoto ambaye jedwali la kuzidisha bado linamgharimu nguvu hana nafasi iliyobaki ya kufikiria KDS. Ndiyo maana somo moja lililoelezwa vizuri linawaingia wengine na linawapita wengine waliokaa dawati moja nao. Punguza mzigo kwa mifano iliyofanywa. Onyesha mfano mmoja kamili ubaoni, ukisema kwa sauti kwa nini kila hatua. Mfano wa pili uache hatua ya mwisho waikamilishe. Wa tatu uache hatua mbili za mwisho. Wa nne waufanye wote. Kuruka kutoka mfano mmoja kamili hadi maswali 20 ya kujitegemea ndiko kunakoacha nyuma theluthi ya darasa.

Usiulize "mmeelewa?" Watasema ndiyo, na wengi wao wanasema kweli wanavyojiona. Uliza swali ambalo kila mtoto lazima alijibu kwa wakati mmoja, kwa kibao kidogo, kipande cha karatasi au vidole. Tengeneza machaguo ambayo kila jibu baya linatoboa siri ya kosa lake:

1/2 + 1/3 = ?
A. 2/5
B. 2/6
C. 5/6
D. 1/6

A amejumlisha juu na chini. B amesahau kiasi. D amezidisha badala ya kujumlisha. Ukiona vidole vya A vingi, simamisha somo papo hapo. Ukiona B kwa watoto watano, endelea na darasa na uwakusanye watano hao wakati wengine wanafanya zoezi.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida walisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliponyoosha kimya hicho hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, na watoto waliodhaniwa dhaifu wakaanza kuchangia zaidi. Hesabu sekunde hizo kimoyomoyo. Mwanzoni zitaonekana ndefu mno, vumilia.

Mzunguko wa kupima na kurekebisha

Baada ya vipindi 6 hadi 8, toa jaribio la umahiri: maswali 5 kwa kila stadi unayotaka kuithibitisha, si zaidi ya stadi mbili kwa jaribio. Soma matokeo kwa kila stadi peke yake. Jumla hudanganya: mwanafunzi aliyepata 5 kati ya 5 katika sehemu zenye asili moja na 3 kati ya 5 katika asili tofauti ana asilimia 80 ya jumla, na bado hajafikia lengo la mada.

Darasa sasa limegawanyika. Waliofikia wanapata kazi ya kuongeza kina, na waliobaki wanaingia kipindi cha marekebisho kwa kipindi kimoja au viwili. Kisha waliokuwa kwenye marekebisho wanafanya jaribio la pili, lenye ugumu uleule na namba tofauti. Andaa majaribio yote mawili kwa wakati mmoja kabla ya kuanza mada. Ukiandaa la pili baadaye, huruma itakushawishi ulilegeze, na hapo kiwango kitakuwa kimeshuka bila mtu yeyote kukishusha kwa makusudi. Atakayefikia katika jaribio la pili apewe alama ileile kamili ya aliyefikia la kwanza. Kumkata kwa sababu alichelewa ni kurudi kupima kasi.

Marekebisho lazima yapite njia nyingine. Kama mara ya kwanza ulieleza kwa maandishi ubaoni, sasa tumia karatasi za kukunja au mstari wa namba. Kama ulianza na kanuni, anza na mfano. Kurudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi na polepole zaidi ni kosa linalofanywa zaidi kuliko yote katika hatua hii.

Kazi ya kina kwa waliofikia nayo ifikiriwe kwa heshima. Maswali 30 zaidi ya aina ileile ni adhabu ya kumaliza mapema, na watoto watajifunza kutomaliza. Wape kitu kinachostahili: "Tafuta jozi zote za sehemu zenye kiasi 1 ambazo jumla yake ni 1/4, kisha thibitisha hakuna nyingine." Ziko tatu: 1/8 + 1/8, 1/6 + 1/12 na 1/5 + 1/20. Kuzipata ni mchezo. Kuthibitisha kwamba zimekwisha kutamtoa jasho hata yule wa kwanza darasani, na kwa stadi zilezile za lengo.

Unaweza kuwatumia kama wasaidizi wa wenzao, kwa masharti. Iwe mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa sababu nao wamekuja kujifunza. Msaidizi asishike kalamu ya mwenzake. Na mara nyingi anayefaa zaidi si bingwa, ni yule aliyeelewa juzi, kwa kuwa bado anakumbuka mahali alipokuwa amepotea.

Vikundi vivunjwe kila baada ya jaribio. Mtoto anaweza kuwa kwenye marekebisho ya sehemu na kuwa mbele katika maumbo. Kikundi kinachodumu muhula mzima kinakuwa jina, na watoto huishi kulingana na majina waliyopewa.

Muda unatoka wapi

Hili ndilo pingamizi la kweli, na halijibiwi kwa maneno matamu. Muhula wa wiki 12 wenye vipindi 5 kwa wiki una vipindi 60. Ukiwa na mada 6 za vipindi 8, umetumia 48. Tenga 10 kwa marekebisho, vibaki 2 vya dharura. Usizigawe sawasawa hizo 10: mada ya kwanza ipe 3, ya pili na ya tatu 2 kila moja, tatu za mwisho kimoja kimoja. Mapengo makubwa yamelundikana mwanzoni. Anayeingia mada ya tatu akiwa na msingi wa mbili za kwanza hahitaji kurekebishwa kiasi kilekile. Walimu wanaoacha utaratibu huu huuacha wiki ya nne, wakati gharama imeshalipwa na faida haijaonekana.

Kama muhtasari wa masomo hauachi nafasi ya vipindi 10, tafuta ndani ya vipindi vyenyewe. Kunakili maelezo marefu kutoka ubaoni ni mwizi wa kwanza. Wape muhtasari wa mistari mitano. Kusahihisha daftari moja moja darasani wakati wengine wamekaa ni mwizi wa pili. Baada ya hapo, panga mada kwa uzito: mada ambayo nyingine tatu zinaitegemea ipewe muda kamili, na isiyobeba chochote juu yake ifundishwe kwa ufupi. Kufundisha zote kwa haraka sawa ni uamuzi pia, na wanaougharamia ni walewale waliokuwa nyuma.

Mwaka 1984 Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa ana kwa ana hadi umahiri alifanya vizuri kuliko karibu asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo usiahidi miujiza mbele ya wazazi. Kinachobaki imara ni mwelekeo wenyewe: maelezo yanayolenga kosa la mtoto huyu, yakifuatwa na nafasi ya kujaribu tena, humsogeza.

Kufikia si kubaki

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi mambo yaliyokaririwa yanavyotoweka upesi siku za mwanzo na jinsi kurudia kunavyoyashikiza. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa darasa maana yake ni hii: dakika 5 za mwanzo wa kila kipindi, maswali manne bila daftari, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la ngazi za chini kabisa. Wajisahihishe wenyewe. Mwanafunzi aliyefuzu mwezi uliopita na sasa amekosa mara mbili mfululizo arudi kwenye dakika zako 10.

Alama na maoni

Mtafiti Ruth Butler alilinganisha mwaka 1988 wanafunzi waliopewa maoni tu, alama tu, na vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio waliopiga hatua; alama zilipoongezwa pembeni ya maoni, faida ilipotea. Mtoto akiona 4/10 hasomi kinachofuata. Kwa hiyo katika majaribio ya katikati ya mada, andika jambo moja la kufanya: "Asili umezipata sawa. Rudia la 3 na la 5, mara hii zidisha na kiasi." Kisha toa dakika 10 darasani alifanye. Maoni yasiyotengewa muda ni wino uliopotea.

Lini ubadilishe njia, lini ubadilishe lengo

Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu au ugumu mahususi wa kujifunza, uliza lengo linapima nini hasa. Kama ni kuelewa sababu za tukio la historia, kumsomea maandishi mwenye disleksia (ugumu mahususi wa kusoma) hakupunguzi lengo hata kidogo. Kama lengo ni kusoma maneno yaliyoandikwa, ukimsomea umeliondoa. Nukta nundu, maandishi makubwa ya angalau pointi 18, lugha ya alama, mwandishi wa kumwandikia, na muda wa ziada, kwa mfano robo ya muda wa mtihani, ni njia tofauti za kufika palepale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unataka msaada wa namna hiyo ndani ya elimu ya kawaida.

Wapo wachache, hasa wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao lengo lenyewe litahitaji kubadilishwa. Kukataa kulisema hili ni kuwaacha wakae mwaka mzima mbele ya kazi isiyowafaa. Lakini uamuzi huo usifanywe na mwalimu mmoja, wala kwa jaribio moja. Ufanywe pamoja na mzazi na mtaalamu, uandikwe, lengo jipya liwe na kitendo na kigezo kama yale mengine, na lipitiwe upya kila muhula. Hatari iko upande wa pili pia: mtoto mwenye pengo la kawaida la ngazi ya 2 akishushiwa lengo, atashushiwa na mwaka unaofuata, na mwingine, mpaka pengo litakapokuwa halizibiki tena.

Kwa asiyekuwa na ulemavu lakini ameshindwa jaribio la pili, usimpe la tatu mara moja. Shuka naye ngazi moja moja kwa mdomo, akueleze anachofanya huku wewe umenyamaza, mpaka ufike pale anapojibu bila kusita. Anza hapo. Darasa liendelee na mada inayofuata, yeye naye aende nalo, akiwa na dakika 10 zake kila siku mpaka aipate.

Mwisho wa mwaka, rudia yale maswali 10 ya jaribio la kuingilia kwa namba mpya na ujaze jedwali jingine kando ya lile la kwanza. Yakabidhi yote mawili kwa mwalimu wa darasa linalofuata, yakiwa na ngazi alizofikia kila mtoto, bila safu ya nafasi.